Siku ya 28: fakitire ya mtoto njiti mjini Bukavu

Kisa hiki ni cha Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), cha kabla ya vita kuingia mjini mwezi wa Februari 2025. Majina yameondolewa, na vilevile alama zozote ambazo zingemfanya mtu aitambue familia, hospitali au mutuele (chama cha wanachama wanaochangia ili kulipiana matibabu). Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wanaokaa kwenye dirisha la mapokezi, kwenye malipo na kwenye ofisi za mutuele, na kwa ajili ya wazazi wanaopewa fakitire, yaani ankara ya hospitali, wasiyoielewa. Mimi nilikifuata kama msaidizi wa kijamii, kuanzia siku faili lilipokwama hadi mtoto alipotoka.

Familia na kadi zao

Baba ni fundi mwashi, analipwa kwa siku pale kazi inapopatikana. Mama anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni Kadutu. Walikuwa na watoto wawili tayari, na wote wanne walikuwa wanachama wa mutuele ya afya, wenye kadi iliyobandikwa picha na michango ya mwaka iliyolipwa yote. Hili nalisema mapema kwa sababu baadaye kuna mtu aliandika kwenye faili lao neno «indijan», yaani maskini asiyejiweza. Hawakuwa mafukara wanaoomba msaada. Walikuwa watu waliokwisha kulipia haki yao kabla hawajaihitaji.

Mama alikuwa amehudhuria CPN (kliniki ya wajawazito) mara tatu katika kituo cha afya cha mtaa wao, na karatasi ya CPN ilikuwa na mihuri yote. Kituo hicho, pamoja na hospitali alikopelekwa, vilikuwa na mkataba wa uzazi wa bure wa serikali.

Baba hakuwa na mwajiri wa kudumu. Angekuwa na mkataba wa kazi, kisa kingeanza kwingine: Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, kifungu cha 178, inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi na familia yake, uzazi ukiwemo. Waashi wengi wa Bukavu hawana wa kumdai jambo hilo.

Sheria zilizomgusa mtoto huyu

Mpango wa uzazi wa bure ulizinduliwa Kinshasa tarehe 5 Septemba 2023, ndani ya mpango mkubwa wa afya kwa wote ambao kwa Kifaransa tunauita CSU. Kisha ukapanuliwa hadi majimbo mengine, Kivu ya Kusini ikiwemo. Unamhudumia mama wakati wa mimba, wakati wa kuzaa, hata kama ni kwa upasuaji, na baada ya kuzaa. Mtoto mchanga unamhudumia hadi siku 28. Anayelipa ni Mfuko wa Mshikamano wa Afya (FSS), na unakilipa kituo chenye mkataba, kwa bei iliyopangwa mapema. Mfuko haumrudishii mzazi pesa mkononi.

Mutuele ni kitu kingine. Inasimama kwenye sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu mutuele, na kila moja ina katiba yake. Katiba ya mutuele hii ilikuwa na vifungu vitatu vilivyokuja kuwa na uzito. Cha kwanza, mtoto anayezaliwa ndani ya mwaka anaingia bila kusubiri, mradi atangazwe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kuzaliwa. Zikipita, anangojea kampeni ya uandikishaji ya mwaka unaofuata. Cha pili, hospitali inapaswa kuijulisha mutuele ndani ya saa 48 kila mwanachama anapolazwa. Cha tatu, hospitalini mutuele inalipa asilimia 80 kwa bei za mkataba, na mwanachama anabaki na asilimia 20, ile ambayo watu wanaiita tike moderateri.

Tena kuna uandikishaji wa mtoto kwenye serikali ya mtaa. Tangu Sheria ya Familia irekebishwe mwaka 2016, mzazi ana siku 90 za kumwandikisha mtoto bila malipo. Muda huo hauhusiani na hospitali wala mutuele, lakini ndio uliomchanganya baba.

Mambo yalivyofuatana

Mama alipasukiwa chupa ya uzazi akiwa na mimba ya wiki 30. Kituo cha afya kikampa karatasi ya rufaa na kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari hakuharakisha uzazi: alimlaza, akampa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na akapata siku mbili za kusubiri. Siku hizo mbili ziliyasaidia mapafu sana. Kwenye fakitire zilileta taabu ambayo hakuna aliyeiona wakati ule.

Mtoto wa kiume alizaliwa na gramu 1,310. Katika kisa hiki nitaita siku ya kuzaliwa siku ya 0, kama wataalamu wa watoto wachanga wanavyohesabu, kwa hiyo siku 28 za kwanza ni kuanzia siku ya 0 hadi mwisho wa siku ya 27.

Alipelekwa neonatolojia (wodi ya watoto wachanga wagonjwa) akiwa na oksijeni. Siku ya 1, karani wa dawati la mutuele pale hospitalini alijaza fomu ya kumjulisha mwanachama aliyelazwa, akaandika mstari mmoja chini: «Amejifungua mtoto wa kiume, kg 1.310, yuko neonatolojia.» Siku ya 2 katibu wa mutuele alipiga muhuri wa kupokea kwenye nakala, na nakala ikafungiwa kwenye klasa (jalada la karatasi).

Wiki ya kwanza mtoto alipungua uzito, kama wote wa umri ule wanavyopungua, na alikuwa akisahau kupumua mara kwa mara. Dawa ya kuzuia hali hiyo, sitrati ya kafeini, iliisha kwenye famasi ya hospitali. Baba alipewa karatasi akainunue mjini, na alifanya hivyo mara mbili. Risiti alizikunja ndani ya kadi ya mutuele.

Siku ya 13 uzito wa kuzaliwa ulirudi. Mama alikuwa amemfunga kifuani mchana na usiku, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaroo. Maziwa yake yalikamuliwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani kila baada ya saa tatu. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri kabisa.

Siku ya 26, akiwa na gramu 1,600, mtoto alilegea. Tumbo lilijaa na pumzi ikasimama mara mbili usiku. Daktari alishuku maambukizi ya damu, akaagiza vipimo vyote kwa pamoja, akarudisha oksijeni na kuanza antibiotiki za siku 10. Oksijeni ilitolewa baada ya siku tatu. Antibiotiki ziliendelea hadi siku ya 35.

Siku ya 28 ilipita bila mtu kuitaja. Kwenye ukuta juu ya kitanda kulikuwa na karatasi ya uzito, joto, maziwa na dawa. Wauguzi walihesabu wiki za mimba na gramu, na hiyo ndiyo kazi yao. Hesabu ya siku za kulipiwa ilikuwa kwenye kompyuta ya malipo, ghorofa nyingine.

Siku ya 33 mhudumu aliingia na fakitire ya muda, akamkabidhi mama mkononi. Mama akamwuliza muuguzi: «Muganga, kumbe tunalipa? Si mulisema ni bure?» Muuguzi hakuwa na jibu. Mama alianza kufungua kitenge ili amlaze mtoto, akusanye vitu vyake aende. Alitaka kusaini karatasi ya kutoka kwa kukataa ushauri wa daktari. Muuguzi huyo, ambaye alikuwa amemaliza zamu, alikaa naye zaidi ya saa moja akimwonyesha kwa kidole kwenye chati siku ngapi za sindano bado. Mama akabaki. Katika kisa kizima, sijaona tendo lililookoa zaidi ya hilo.

Siku ya 34 baba alienda mutuele na fakitire. Akajibiwa kwamba mtoto hajulikani, siku 30 zimepita, arudi wakati wa kampeni. Baba akasema alivyoambiwa kwa chef wa mtaa: «Kwa leta (serikali) ni siku 90.» Katibu akamwambia hiyo ni ya kitambulisho, si ya mutuele. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa muda anaoujua.

Faili lilifika kwangu siku ya 36. Siku ya 41, akiwa na gramu 1,920 na ananyonya mwenyewe, mtoto aliruhusiwa na daktari. Karatasi ya kutoka haikutolewa kwa sababu fakitire haijalipwa. Akabaki.

Fakitire yenyewe

Fakitire ya mwisho ilikuwa dola 222. Niliiomba kwa mistari, nikapewa mistari mitano: kitanda na uangalizi siku 15 kwa dola 5, jumla 75, dawa 60, maabara 34, oksijeni siku 3, jumla 36, vifaa 17. Juu yake kulikuwa na maneno «Mtoto wa» na jina la mama, pamoja na namba ya faili la mama.

Siku 15 zilinishangaza. Kuanzia siku ya 28 hadi usiku wa siku ya 40 ni siku 13, kwani siku ya kutoka hailipiwi. Siku mbili zaidi zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye namba ya faili. Mtoto hakufunguliwa faili lake alipopelekwa neonatolojia. Aliendelea chini ya namba ya mama, na programu ya malipo ilianza kuhesabu siku 28 kutoka tarehe ambayo namba hiyo ilifunguliwa, yaani siku mama alipolazwa, siku mbili kabla ya kuzaa. Kwa kompyuta, bure iliisha mwisho wa siku ya 25. Na siku ya 26 ndiyo siku mtoto alipougua, ndiyo siku ya vipimo vyote na ya oksijeni kurudi. Siku mbili zilizohesabiwa vibaya zilikuwa siku ghali kuliko zote.

Maamuzi, na sababu zake

Njia ya kwanza iliyopendekezwa ilikuwa kuomba mfuko wa wasiojiweza wa hospitali. Ndipo neno «indijan» lilipoandikwa. Nilikataa njia hiyo, kwa kukubaliana na wazazi. Mfuko ule ni mdogo, na mtu anayetolewa barabarani bila ndugu hana kingine. Familia hii ilikuwa na walipaji wawili, kila mmoja na wajibu ulioandikwa. Kuwapeleka kwenye sadaka kungewaachilia walipaji hao, na mtoto mwingine angekwama palepale mwezi unaofuata.

Njia ya pili ilikuwa kuomba punguzo. Mkuu wa fedha alikuwa tayari kupunguza kidogo ili kitanda kipatikane. Hiyo nayo tuliiacha. Anayeomba punguzo amekubali kwamba deni ni lake.

Tulichofanya ni kuijenga fakitire upya, siku kwa siku, kutoka kwenye karatasi za wauguzi. Nilikaa na muuguzi mkuu wa neonatolojia, tukachukua kila kitu kilichotolewa na kukiandika kwenye tarehe yake: sindano, chupa ya oksijeni, kipimo, kanula. Halafu tukachora mstari mmoja mwishoni mwa siku ya 27. Vya juu ya mstari ni vya Mfuko. Vya chini tukavitafutia mlipaji.

Juu ya mstari tulikuta dola 91 ambazo hazikupaswa kuwa kwenye fakitire ya familia: kitanda siku mbili, 10, dawa za siku mbili, 12, maabara yote, 34, oksijeni siku mbili, 24, vifaa vilivyofunguliwa siku ya 26, dola 11. Chini ya mstari zikabaki 131.

Kwa mkuu wa fedha sikutumia maneno ya huruma. Nilimwonyesha kwamba hospitali itawasilisha huduma za mtoto huyu kwa Mfuko kwa siku zote 28, kwa hiyo siku ya 26 na ya 27 zingelipwa na Mfuko na kulipwa tena na mwashi. Wahakiki wakilinganisha daftari la neonatolojia na risiti za malipo, wataliona. Alitazama tarehe kwa muda, akaita keshia, wakafungua programu pamoja. Hakubisha tena.

Kwa mutuele hoja ilikuwa ngumu zaidi. Katibu alisimama kwenye kifungu cha siku 30, na kifungu kipo. Niliomba tusome maneno yake: mtoto «atangazwe kwa maandishi». Hakikusema kwa fomu ipi, wala na nani. Nikauliza kama kuna karatasi yoyote iliyopokelewa ndani ya siku 30 inayotaja kwamba mtoto huyu amezaliwa. Klasa ikafunguliwa, fomu ya siku ya 1 ikatoka, na muhuri wa siku ya 2 juu yake. Katibu alisema fomu hiyo ni ya kulazwa kwa mama. Ni kweli. Lakini ni maandishi, ina jinsia ya mtoto, uzito na mahali alipo, na mutuele iliipokea. Katibu hakuwa na mamlaka ya kuamua, na alifanya vizuri kutoamua peke yake: aliipeleka kwa kamati ya usimamizi, ambayo ilikutana baada ya siku tatu.

Matokeo

Kamati ilikubali fomu ile kama tangazo. Baba alilipa mchango wa mtu mmoja kwa mwaka ule, mtoto akaandikwa, na haki yake ikahesabiwa tangu kuzaliwa.

Kisha likaja jambo ambalo wazazi hawangeweza kulijua. Kitanda cha dola 5 ni bei ya mgonjwa anayejilipia. Bei ya mkataba wa mutuele ni dola 4. Mlipaji anapobadilika, bei nayo inabadilika, na hospitali haiwezi kumdai mwanachama tofauti iliyobaki. Siku 13 zikawa dola 52 badala ya 65, na jumla ya chini ya mstari ikashuka kutoka 131 hadi 118. Mutuele ikabeba asilimia 80 yake, dola 94.40. Familia ikalipa 23.60, na ilizilipa siku hiyohiyo kutoka kwenye pesa za likelemba, kikundi cha kuchangiana kwa zamu, cha akina mama wa sambaza.

Siku nne za kusubiri, kutoka ya 41 hadi ya 45, hospitali ilikuwa imekwisha kuanza kuziandika kama siku za kitanda. Zilifutwa. Mtoto alitoka siku ya 45 akiwa mzima. Siku hizo nne alizipitisha katika chumba chenye watoto wagonjwa, yeye aliyekuwa amepona maambukizi wiki moja na nusu kabla. Hakupata tena homa, lakini hakuna aliyekuwa na haki ya kumweka kwenye hatari hiyo kwa sababu ya karatasi.

Pesa za kafeini hazikurudi.

Uchambuzi: siku 28 na wiki 34

Siku 28 ni kipimo halali. Ni muda ambao Shirika la Afya Duniani linauita kipindi cha mtoto mchanga, na vifo vya watoto wachanga duniani vinahesabiwa ndani yake. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, akalala hospitalini siku moja au mbili, mpaka huo hauonekani hata kidogo.

Sasa mchukue mtoto wa wiki 30. Ongeza siku 28, unapata wiki 34. Wiki 34 ndio umri ambao mtoto njiti kwa kawaida anaanza kuweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio bila kupaliwa. Yaani bure inaisha siku ambayo mtoto anaanza kujifunza kula. Bado ana wiki moja au mbili za kuthibitisha kwamba anaongezeka uzito bila mpira wa puani, na hakuna daktari mwaminifu atakayemruhusu kabla ya hapo. Kwa hiyo si bahati mbaya kwamba mtoto huyu alivuka siku ya 28. Karibu kila mtoto wa wiki 30 au chini ya hapo anayepona atavuka. Wengi wa wasiovuka ni wale waliokufa, au wale waliotolewa mapema.

Mimi naona mpaka kwa watoto hawa ungefaa kufuata tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa, si tarehe waliyozaliwa. Hilo liko mikononi mwa wanaoandika mikataba Kinshasa. Lakini hesabu ya wiki inaweza kufanywa na muuguzi siku mtoto anapoingia, na pale hospitalini sasa inafanywa: mtoto akiwa chini ya wiki 32, tarehe ya siku ya 28 inaandikwa kwenye karatasi ya ukutani, kando ya uzito, na siku ya 20 dawati la mutuele linapigiwa simu. Kazi hiyo haigharimu kitu zaidi ya kalamu.

Faili la mama, mtoto asiye na jina

Kosa la siku mbili halikutokana na mtu mmoja mzembe. Keshia alisoma kompyuta sawasawa. Aliyepokea mtoto neonatolojia alifuata desturi. Desturi ndiyo mbaya: kwetu wengi wanangoja kumpa mtoto njiti jina hadi waone kama atabaki, na hospitali nazo zimezoea kumwacha chini ya namba ya mama mpaka hapo. Moyo wa mzazi ninauelewa. Lakini faili halihitaji jina ili lifunguliwe. Linahitaji tarehe ya kuzaliwa na namba. Mtoto mwenye mlipaji wake, mwenye siku zake 28, ni mgonjwa wa pili, na mgonjwa wa pili ana faili la pili.

Jambo lingine ni ugonjwa uliokaa pande zote mbili za mpaka. Antibiotiki zilianza siku ya 26 na kuisha siku ya 35. Tungeweza kudai kwamba ugonjwa ulioanza ndani ya siku 28 ulipiwe na Mfuko hadi mwisho wake. Hatukufanya hivyo, kwa sababu hatukuwa na kifungu cha kushika, na mtoto alikuwa anangoja. Tuligawa kwa tarehe ya huduma, njia ambayo walipaji wote wawili wangeweza kuihakiki kwa macho yao. Kwa familia isiyo na mutuele, kugawa kwa tarehe kungemaanisha kulipa siku nane za sindano kwa ugonjwa ulioanzia ndani ya bure. Swali hilo linahitaji jibu la maandishi kutoka kwa wenye mpango, siyo la kila hospitali kivyake.

Kilichofaa kwenye mutuele, na kilichoharibika

Kilichofaa ni fomu ya karani na muhuri wa katibu. Karani hakuagizwa kuandika mstari ule wa mtoto. Aliandika kwa sababu ndivyo anavyofanya kazi, na mstari huo uliokoa dola 94.

Kilichoharibika ni mazoea yaliyoingia tangu uzazi wa bure uje: mutuele iliacha kuwafuata wanachama wake wanaojifungua, kwa kuona hao sasa ni wa serikali. Mhamasishaji wake mtaani alikuwa akiwaambia akina mama waende tu, ni bure. Hakuongeza kwamba wamtangaze mtoto. Kabla ya hapo, mama aliyejifungua alilazimika kuleta fakitire ya uzazi mutuele, na palepale mtoto aliandikwa. Fakitire ilipoondoka, na nafasi ya kumwandika mtoto iliondoka nayo. Baada ya kisa hiki kamati iliamua kwamba fomu ya kulazwa mama mzazi ihesabiwe kuwa tangazo la mtoto, na mhamasishaji apitie nyumbani kuchukua picha na mchango.

Na zile risiti za kafeini? Dawa ilikuwa ndani ya siku 28, kwa mtoto mwenye haki, katika hospitali yenye mkataba. Mfuko haumlipi mzazi, na hospitali ilisema haikununua dawa hiyo kwa hiyo haina cha kurudisha. Lakini bei iliyopangwa ambayo hospitali inapokea kwa ajili ya mtoto haipungui dawa inapoisha kwenye famasi. Baba alikuwa ameitoa pesa ambayo hospitali ingeitoa. Niliandika barua, nikaambatisha nakala za risiti mbili na karatasi ya daktari yenye jina la dawa, kipimo na tarehe. Hadi mwisho wa ufuatiliaji wangu haikuwa imejibiwa. Ninachowaomba wenzangu wa famasi ni kitu kidogo: unapomtuma mzazi mjini kwa dawa ya mtoto aliye ndani ya siku zake 28, andika kwenye karatasi «haipo kwenye stoku», weka tarehe, upige muhuri. Baba huyu alikuwa na risiti, ila karatasi yake haikuwa na maneno hayo, na ndiyo sababu ya kwanza aliyopewa alipokataliwa dirishani.